Sura ya Saba: Wavu Uliojikunja

Kobe hakuwa na gari. Hakuwa na ofisi, wala karani, wala bastola, na kitambulisho chake cha polisi alikirudisha siku aliyostaafu. Hakuwa na shahada ya chuo chochote. Elimu yake aliipata darasa la jioni, sare ikiwa mwilini na usingizi machoni. Meno mawili ya juu hakuwa nayo. Na mke hakuwa naye, kwa kuwa aliyekuwa mke wake sasa alikuwa mke wa Daktari Mkuu wa upasuaji, mtu yuleyule ambaye bodi ya hospitali ilimkodi Kobe amchunguze.

Hilo la mwisho bodi haikulijua, naye hakuwaambia.

Jina la Kobe alibandikwa na polisi wenzake kwa sababu ya mwendo wake. Walimcheka mpaka walipogundua kwamba watu wanaokimbia mbele yake hawafiki mbali. Tangu hapo walilitamka kwa adabu kidogo.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Ngiri hutokea ukuta wa tumbo unapopata mwanya na utumbo ukasukuma nje, kama tyubu inayochungulia kwenye tairi lililochanika. Daktari hupasua, huurudisha utumbo mahali pake, kisha hushonea kipande cha wavu juu ya mwanya ili nyama mpya ipate pa kujishikiza. Daktari Mkuu alitumia wavu wa polipropilini, plastiki nzito, uliotoka kiwandani ng'ambo, ndani ya bahasha mbili, na bei yake ilimfanya mgonjwa aulize kama hawezi kuendelea kuishi na ngiri yake. Msaidizi wake, daktari kijana ambaye wauguzi walimpachika jina la Daktari Chandarua, alitumia kitambaa cha polithini kilekile cha kuzuia mbu. Kilikatwa vipande vya mraba, kikafuliwa, kikafungwa kwenye karatasi na kupitishwa kwenye mvuke.

Bodi iliruhusu vitu hivyo viwili vilinganishwe kwa wagonjwa walioridhia. Mwaka wa kwanza vilikwenda bega kwa bega. Kijana akasifiwa, akapigwa picha, akaalikwa kuzungumza kwenye mikutano. Halafu, kama mtu aliyefungua bomba, wagonjwa wa chandarua wakaanza kurudi na ngiri zao. Walipopasuliwa upya, wavu ulikutwa umejikunja na kukakamaa, mfano wa mfuko wa plastiki uliowekwa karibu na moto.

"Amezichoma nyavu zangu kwa wivu," kijana aliwaambia bodi, bila kutafuna maneno. Wote walijua anamsema nani.

Bodi ingekaa kesho asubuhi. Mwenyekiti alitaka barua ya Kobe mezani kwake kabla ofisi hazijafungwa leo. Kama barua ingemtaja Daktari Mkuu, angepoteza kisu, kazi na nyumba ya hospitali kwa mpigo mmoja.

Asubuhi hiyo Kobe alianzia chumba cha mvuke, chini kabisa ya jengo, ambako fundi mnene alikuwa akijipepea kwa kipande cha kadibodi.

"Karibu jikoni, afande," fundi alisema. "Tunapika kila kitu isipokuwa chakula."

"Nyavu za chandarua unazipika kwa joto gani?"

"Mia na ishirini na moja. Daktari Chandarua alikuja mwenyewe kunieleza. Polithini ukiizidishia hapo inanywea. Vyuma ndivyo vinavyokwenda mia na thelathini na nne."

"Unaweza kukosea?"

"Mimi?" Fundi aliacha kujipepea. "Afande, mke wangu ananiambia nakosea kila kitu nyumbani. Hapa ndipo mahali pangu pa kupumulia. Hapa sikosei."

Kobe hakubishana. Alitoa mfukoni vipande vitatu vya chandarua kipya, akavitia alama kwa uzi wa rangi tatu. Kimoja kikapita kwenye joto la chini mara moja. Cha pili kikapita mara mbili. Cha tatu kikaenda pamoja na mikasi, kwenye joto la vyuma. Fundi alimwambia akatembee kidogo, lakini Kobe aliketi pale pale kwenye kiti cha plastiki akiitazama mashine kama anayengoja ikiri kosa.

Vilipotoka, viwili vya kwanza vilikuwa laini. Cha tatu kilikuwa kimekunja pembe zake kuelekea ndani. Kobe alikivuta, kikatoa mlio wa karatasi kavu.

"Ndicho hicho," fundi alinong'ona.

Kobe akaenda kwenye rafu ambapo pakiti zilizokwisha pikwa zilingoja kupelekwa juu. Alifungua moja, akafungua nyingine, akaendelea mpaka fundi akaanza kuguna kwa hasara. Zote zilikuwa laini.

"Nani mwingine huingia humu?"

Fundi aliutazama mlango. "Watu wa usafi."

"Na nani?"

"Afande, nina watoto."

"Wako wangapi?"

"Wa kutosha kuninyamazisha." Fundi alishusha sauti. "Daktari Mkuu. Aliingia wakati wa chakula, akadhani nimelala. Alishika pakiti za chandarua, akazigeuza, akazinusa. Moja akaitia kwenye koti. Siku nyingine akarudi, akafanya hivyohivyo."

"Ulimwuliza?"

"Nilizidisha kukoroma."

Kobe aliandika hayo kwenye karatasi yake, kwa herufi kubwa kuliko alivyozoea.

Daktari Mkuu alimpokea kwa kusimama, jambo ambalo lilimwudhi Kobe, kwa kuwa mtu yule alikuwa mrefu na kusimama kulimpendeza. Koti jeupe lilitundikwa ukutani. Shati lake la samawati lilipigwa pasi kwa namna ambayo Kobe aliijua: mikunjo miwili sambamba juu ya kila mkono, iliyonyooka kama reli. Sare za Kobe zilikuwa zikipigwa pasi hivyohivyo zamani. Tangu zamani hizo hajawahi kumpata dobi aliyeweza.

"Shikamoo, mzee," alisema Daktari Mkuu.

"Sisi ni rika moja."

"Aa. Nilidhani umenitangulia."

"Nimekutangulia katika mambo fulani," alisema Kobe, akaketi bila kukaribishwa. "Umeiba nini chumba cha mvuke?"

Daktari alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia njiani. "Kuiba? Chumba kile ni cha idara yangu."

"Naona droo ile ina kufuli."

"Ina mambo ya wagonjwa."

"Mambo ya wagonjwa yako kwenye kabati lililo wazi nyuma yako."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mwanamke aliingia na chombo cha chakula kilichofungwa kitambaa, akamwona Kobe, akasimama. Alikuwa amenenepa kidogo. Kobe alitafuta kama kunenepa kumemharibu, hakuona kwamba kumemharibu.

"Sajenti," alisema yule mama. Hakuwahi kumwita jina jingine, hata walipokuwa nyumba moja. "Bado unapekua droo za watu?"

"Siku hizi nalipwa."

"Zamani ulinipekua bure." Akaweka chakula mezani, akamgeukia mumewe. "Mfungulie, baba watoto. Huyu namjua. Hatoki mpaka aangalie chini ya kitanda."

"Si jambo la kukuhusu, mama."

"Kama linamhusu yeye, linanihusu. Mfungulie."

Daktari Mkuu alitoa ufunguo. Kobe aliivuta droo mwenyewe. Ndani kulikuwa na mizani ya kutundika, ile ya ndoana ambayo wauza nyama hupimia, na chini yake vipande vya nyavu, vingine vyeupe vizito, vingine vyepesi, vyote vimechanwa katikati. Kando kulikuwa na karatasi mbili za pakiti kutoka chumba cha mvuke.

"Eleza," alisema Kobe.

"Huoni?"

"Naona. Nataka kusikia."

Daktari Mkuu aliketi. Alipoketi urefu wake ulipungua, na Kobe akapata nafuu. "Nilitaka kuona chandarua kikikatika. Nilikifunga huku na huku, nikatundika uzito, nikaongeza. Halafu nikafunga cha kwangu, nikaongeza vilevile."

"Kikakatika?"

"Kilikatika. Lakini karibu na pale pale ambapo cha kwangu kilikatika." Alichukua kipande cheupe, akakiweka kwenye kiganja cha Kobe, kisha akaweka kile chepesi juu yake. "Shika. Polipropilini yangu ina nyuzi nene. Inashika, siwezi kuisema vibaya, lakini mgonjwa mwembamba huniambia anahisi amevaa mkanda ndani ya ngozi. Hiki kina matundu mapana. Nyama inapenya, tumbo linajikunja nacho. Kwa mwanya mdogo, hakina upungufu niliouona. Na bei ni ya senti."

"Ulimwambia nani?"

Daktari alivichukua vipande kutoka kiganjani mwa Kobe.

"Hata mimi hukuniambia," alisema mkewe.

"Nikuambie nini? Kwamba mtoto niliyemfundisha kushika kisu amenifikia kwa kipande cha chandarua? Mimi nimesimama mbele ya madaktari wa nchi nzima kusifu wavu wa dukani. Sasa wanamwalika yeye, na mimi naulizwa kama nitakuwepo kumpigia makofi." Alikuwa amekunja ngumi juu ya meza. "Nilimwonea wivu. Haya, andika. Lakini kuwachoma wagonjwa kwa wivu wangu, hapana."

Yule mama alimwekea mkono begani. Kobe aliinama haraka kuziokota karatasi za pakiti.

"Hizi ulizitoa wapi?"

"Kwenye rafu ya chini. Zote mbili."

"Thieta, chumba cha upasuaji cha kijana, huingii?"

"Niingie wapi? Sista, yule muuguzi wake, ananifungia mlango kama mwizi wa kuku."

Kobe alikwenda kuketi kwenye benchi la korido, akatandika kitambaa chake cha mkononi mapajani. Upande mmoja aliweka karatasi za Daktari Mkuu. Upande wa pili aliweka pakiti alizokabidhiwa na Daktari Chandarua kama ushahidi, zilizotoka kabati la thieta, zote zikiwa na wavu uliokakamaa. Kila pakiti ilifungwa kwa utepe wa kunata wenye mistari inayogeuka myeusi ikipigwa na mvuke. Utepe wa karatasi za Daktari Mkuu ulibanwa sawasawa mpaka mwisho. Utepe wa pakiti za thieta ulikunjwa nchani, ukaachwa na kisikio kidogo cha kushikia. Kobe alikivuta kisikio kimoja taratibu. Chini ya utepe karatasi ilikuwa imechubuka, na gundi ya zamani ilikuwa imesalia. Utepe mwingine ulikuwa umebanduliwa hapo kabla ya huu.

Alikaa akiitazama ile gundi, na hakufurahi. Nyavu zilitoka chumba cha mvuke zikiwa nzima. Zile alizochukua Daktari Mkuu alizitoa huko huko chini, na vipande vyake vilikuwa laini. Zilizoharibika zilifunguliwa na kufungwa upya baada ya kupanda juu, mahali ambapo Daktari Mkuu haruhusiwi kukanyaga.

"Umempata, afande?" Daktari Chandarua alikuwa amesimama mbele yake, kijana mwenye kofia ya upasuaji iliyochapwa maua.

"Nyavu ulizowashonea wale waliorudi hukuona kasoro?"

"Zilikuwa kavu kidogo. Nilidhani ni chandarua cha toleo jipya." Akaona uso wa Kobe. "Usimtetee, tafadhali. Yule mzee ananichukia."

"Nani hufunga utepe namna hii?"

Kijana alicheka. "Sista wangu. Kila anachofunga lazima kiwe na sikio, nisihangaike na glavu. Yule ni mama yangu wa pili."

Sista alikuwa peke yake thieta, akipanga mikasi. Alikuwa mama wa makamo, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuamrisha mabomba yajifunge yenyewe.

"Viatu," alisema.

Kobe alivua, akavaa kandambili za plastiki alizosukumiwa kwa mguu. Kandambili zilikuwa ndogo, na visigino vyake vikabaki sakafuni.

"Mashine hii ndogo ya nini, Sista?"

"Ya dharura. Mkasi ukianguka katikati ya kazi, nautia humo, unarudi mezani kabla daktari hajanuna."

"Joto lake?"

"La vyuma. Haina jingine."

Kobe alitoa pakiti, akaiweka juu ya mashine, kisikio kikimwelekea Sista. Alimwacha aitazame. Mkasi mmoja ukagonga mwingine mkononi mwa yule mama.

"Ulizifungua," alisema Kobe.

"Nilizifungua."

"Ukazipika humu."

"Nilimwona yule bwana kwa macho yangu! Nilishuka kufuata mashuka, nikamkuta anazishika, anazinusa. Nikasema basi, leo amemwekea mwanangu uchafu. Wagonjwa watatunga usaha, na lawama itaangukia chandarua. Tangu siku ile kila pakiti iliyopanda hapa nimeifungua, nikaiangalia, nikaifunga na kuipika tena kwa mikono yangu. Mikono ya watu siiamini."

"Zilitoka vipi?"

"Zimekunja pembe kidogo. Nikazinyoosha kwa kiganja zikiwa na moto. Zikanyooka." Sasa sauti yake ilipungua. "Zilinyooka kabisa."

"Hukuambiwa habari ya joto?"

"Na nani?" Akaitupa mikasi kwenye trei. "Aliambiwa yule mnene wa chini. Mwanangu anashuka kule, wanakaa, wanacheka, wanazungumza joto kama wapenzi. Mimi niliyemfundisha kuvaa glavu bila kugusa nje, naletewa majina ya wagonjwa tu. Nimwulize nini? Nimbembeleze anieleze kazi yangu?"

Kobe alitafuta mahali pa kutazama. Kila kitu pale kiling'aa, kikamrudishia uso wake.

Sista alimsogelea. "Utaandika nini?"

"Nilichokiona."

"Umeona yule bwana ameingia chumba cha mvuke kwa kunyemelea. Si kweli?"

"Kweli."

"Amechukua pakiti, akazifungia kwenye droo. Habari imekwisha fika huku. Si kweli?"

"Kweli."

"Basi andika hayo, uishie hapo. Hutakuwa umesema uongo hata neno moja. Mwanangu atabaki na sifa yake, mimi nitaiacha ile mashine, na hakuna mgonjwa atakayeumia tena." Alimtazama machoni. "Na wewe utalala vizuri kuliko sisi sote. Usinifanye mjinga, mzee. Nilikuona kwenye benchi la korido, yule bwana alipopita. Macho yako yalishika mkono wa shati lake mpaka alipokata kona. Mwanamume hatazami shati la mwenzake hivyo bila sababu."

Kobe alivua kandambili, akazipanga vizuri ukutani, akatoka na viatu mkononi.

Masijala walimpa meza karibu na dirisha, karatasi, na bahasha ya kaki. Aliandika polepole, kwa mwandiko aliofundishwa darasani akiwa mtu mzima, kila herufi ikisimama kwa miguu yake. Aliandika kwamba Daktari Mkuu aliingia chumba cha mvuke na kuchukua pakiti. Hapo akaweka nukta, akaiangalia kwa muda mrefu. Nukta ile ilitosha. Mwenyekiti angesoma mpaka hapo, angevua miwani, na kesho jioni lori lingekuwa nje ya nyumba ya hospitali likipakia vitanda.

Sauti zikapita chini ya dirisha. Daktari Mkuu na mkewe walikuwa wakielekea kwenye gari. Daktari alimwona, akasogea dirishani.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Mimi je? Niambie tu nijiandae."

"Utasoma kesho na wenzako."

Mkewe, aliyekuwa nyuma yake, aliunyoosha mkono, akatoa uzi uliong'ang'ania kola ya shati lake, akaupuliza. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyojifuta jasho mwenyewe. Hakumtazama Kobe. Kama angemtazama, hata kwa hasira, ingekuwa afadhali.

Walipoondoka, Kobe aliuona mkono wake umeibana kalamu mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Akaupumzisha. Kisha akaandika yaliyobaki: kwamba nyavu za chandarua zilitoka chini zikiwa salama, kwamba zilipikwa mara ya pili thieta kwa joto la vyuma, na nani alizipika, na kwa hofu ya nani. Aliandika kwamba kitambaa hakina hatia na Daktari Mkuu hana hatia. Aliandika kwamba Daktari Mkuu alivipima vitu vyote viwili kwa uzito na aulizwe matokeo yake hadharani, na kwamba wagonjwa wote walioshonewa nyavu zile waitwe bila kungoja wajilete wenyewe.

Sahihi ilikuwa bado. Alivuta pumzi, akaongeza:

"Bodi ijue kwamba mke wa Daktari Mkuu alikuwa mke wangu. Nilikuja kazini nikitamani kumkuta na kosa. Nimetafuta kwa bidii yote ya mtu anayetamani. Kosa hilo halipo."

Akatia sahihi. Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akapitisha ulimi kwenye gundi na kuibana kwa ngumi kabla mkono haujapata wazo jingine. Tarishi alikuwa mlangoni, baiskeli imeegemea ukuta, mguu mmoja tayari juu ya pedali.

"Ya mwenyekiti?" aliuliza tarishi. "Nasubiri jibu?"

"Hapana. Nenda."

Tarishi akaitupia begani, ndani ya mkoba, akatoka langoni. Kobe alisimama dirishani. Mara mbili alifungua mdomo amwite arudi, na baiskeli ilikuwa bado karibu kiasi cha kumsikia. Kisha ikavuka barabara, ikachanganyika na nyingine.